Shenshu au Weizhong: kiuno sugu kichomwe sindano wapi?

Maumivu ya kiuno yaliyopita miezi 3 na kukaa palepale, pembeni ya uti wa mgongo, tunayaanzia Shenshu (BL23 kwa alama za kimataifa), nukta ya akupancha, yaani tiba ya sindano ya Kichina. Mgonjwa alale kifudifudi, mto chini ya tumbo. Papasa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Mstari unaoziunganisha hukatiza pingili ya nne ya kiuno. Panda pingili mbili, kisha toka pembeni upana wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, vya mgonjwa mwenyewe. Wengi hukosea hapa kwa kupima kwa vidole vyao. Sindano iingie sentimita 1.5 hadi 2.5, kwa mtu mwembamba pungufu. Ikizama zaidi kuelekea nje, figo iko jirani.

Weizhong (BL40) iko mbali na kiuno: katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, kati ya kano mbili. Inafaa zaidi maumivu yakishuka mguuni. Kuipata ni rahisi. Kuichoma ndiko kwenye hatari, maana chini yake zimepita neva na ateri kubwa. Tafuta mapigo kwanza, ingiza polepole. Uzito ndani ya msuli ni dalili njema. Shoti kama ya umeme hadi unyayoni maana yake umegusa neva: rudisha sindano nyuma mara moja, wala usiizungushe.

Sindano za nukta zote mbili huachwa dakika 20 hadi 30. Sisi tungechagua Shenshu, kulia na kushoto, na kuongeza Weizhong mguu nao ukiuma. Ganzi sehemu za siri au mkojo kukataa kutoka? Hospitali, leo hii.