Uzoefu wangu: baiskeli za resi za mtumba Mwanza, na kijana wa kaunta aliyesingizia uzito wangu

Jina la duka nalihifadhi, sitaki kuitwa serikali ya mtaa. Wapenzi wa baiskeli za mtumba hapa mjini watalijua tu. Ni lile ambalo kontena likishushwa, baiskeli zinaning'inizwa mpaka barazani, na kijana wa kaunta anakujibu macho yakiwa kwenye simu. Nasema mapema: msiende. Nitawaeleza kwa nini, na mnivumilie nikikasirika katikati.

Ilikuwa baada ya Pasaka hivi. Rafiki yangu wa Pasiansi alinipigia akasema kuna mzigo umeingia kutoka Ulaya, na ndani yake zimo za resi za kweli, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Nikaenda. Nikakuta tatu, kila moja ya zama zake, na hapo ndipo mateso yalipoanza.

Ya kwanza ilikuwa ya Uingereza, ya miaka ya hamsini kwa kuitazama. Krenki za chuma, ile mikono inayoshika pedeli, zimeshikwa na kotapini, zile pini za kupigwa nyundo, vinyota vya gia vinne tu nyuma, rangi imebabuka hadi chuma kinaonekana. Ya pili ilikuwa ya Kifaransa, ya katikati ya miaka ya sabini, nyembamba, rangi ya maziwa, krenki za alumini, na kwenye fremu kile kibandiko cha Reynolds 531, aina ya chuma cha fremu, bado kinasomeka. Ya tatu ilikuwa ya Kijapani ya miaka ya themanini, vinyota sita, na vile vishikizo vya gia vinavyolia "tik" kila ukihamisha. Teknolojia hiyo kampuni ya Shimano ya Japani waliitoa mwaka 1984 na tangu hapo hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Kabla yake ulikuwa unahamisha gia kwa kukisia: unasukuma kishikizo, unasikiliza mnyororo unavyolalamika, unarudisha kidogo, unasikiliza tena.

Kijana alinisoma haraka. Aliona mkono wangu umetua kwenye ile ya Kifaransa, akaanza. "Mzee, hii ndiyo aliyoendeshea Merckx akavunja rekodi ya dunia." Nikamwambia hapana, kijana wangu. Eddy Merckx, yule bingwa wa Ubelgiji, alivunja rekodi ya umbali wa saa moja kule Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431, na baiskeli aliyopanda ilikuwa ya Italia, kazi ya Ernesto Colnago, haina gia wala breki. Akasema, "Basi inafanana nayo." Hapo ningeondoka. Lakini mtu akidanganya kwa uchangamfu namna ile, na baiskeli yenyewe ni nzuri namna ile, miguu inakuwa mizito.

Nikakaa pale karibu mchana mzima nikizipima kwa moyo na kwa akili. Akili ilisema chukua Mwingereza. Kwa nini? Kwa sababu kotapini zinauzwa kila kona ya mji huu. Kanda ya Ziwa yote imelelewa na baiskeli za Phoenix na ndugu zake, na ile mitindo ya Kiingereza ya zamani ndiyo babu yao. Fundi yeyote chini ya mwembe, kuanzia Igoma hadi Magu, ana nyundo, ana tupa, na anajua kotapini ikilegea inafanywaje. Hata ikiwa nene kidogo anaipiga tupa inakaa. Mjapani naye hana makuu: thredi zake ni za Kiingereza kama karibu dunia nzima ilivyokubaliana baadaye, na matairi yake ya saizi ya 700C siku hizi yanapatikana kwa sababu vijana wa mashindano wanayatafuta.

Mfaransa ndiye mwenye kiburi. Wafaransa wa zama zile walikata kila kitu kwa milimita zao wenyewe. Pedeli ya Kiingereza ina thredi ya inchi 9/16, yaani kama milimita 14.3. Ya Kifaransa ni milimita 14 kamili. Tofauti yake haifiki hata unene wa kucha. Ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha, isipokuwa uangalie muhuri: za Kifaransa zimepigwa D kulia na G kushoto, mahali pa R na L.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nayajua tangu nikiwa kijana. Nikamwambia fundi wao, mbele ya yule wa kaunta, maana pedeli moja ilikuwa imevunjika na duka lilikubali kuweka mpya ndani ya bei: "Fundi, angalia muhuri. Hii ni D na G, pedeli za kawaida haziingii bila kupitisha tepu kwanza, ile ya kukatia thredi." Akaitikia kwa kichwa. Nikatoa laki tatu na nusu. Moyo ulikuwa umeshinda, na sioni aibu yoyote.

Fundi akachukua pedeli mpya za Kichina, zile za 9/16, akaanza kuingiza ya kushoto. Ikaingia mizunguko miwili, ikagoma. Nikasema, "Inakataa hiyo." Akasema, "Inakubali tu, bosi, ngoja." Akachukua spana malaya. Ikagoma. Akaenda nyuma ya duka akarudi na kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Nilisikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena, kriii, chuma kinachinja alumini. Nikapiga kelele. Akasimama, akaifuta kwa kitambaa, akaniambia, "Imekaa hiyo, haitoki mpaka Yesu arudi."

Ilitoka siku chache baadaye, kwenye kilima cha Bugando.

Nilikuwa nimesimama kwenye pedeli, napanda taratibu, hospitali iko juu yangu na bodaboda zinanipita. Mguu wa kushoto ukashuka na pedeli, ila krenki ikabaki juu. Nikatua kwenye bomba la juu la fremu. Wanaume mtanielewa, wengine niamini tu. Mama mmoja muuza ndizi aliinuka kabisa akasema, "Pole baba, pole sana," na kijana wa bodaboda akacheka hadi akazima injini. Pedeli niliikuta mtaroni, mabaki ya alumini yamejiviringisha kwenye thredi zake. Tundu la krenki lilikuwa laini kabisa ndani, hakuna jino hata moja.

Nikaikokota hadi dukani, suruali imechafuka, mguu unauma. Nikaweka pedeli juu ya kaunta. Kijana akaitazama, akanitazama mimi kuanzia juu hadi chini, akarudia tumbo, halafu akasema, kwa upole kabisa, kama daktari:

"Labda ni uzito, mzee."

Jamani. Uzito! Mji huu umejaa watu wanaobeba magunia kwa baiskeli. Nimeona Phoenix imepakia mkaa hadi mwendeshaji haonekani, inapanda Buzuruga bila shida. Nimeona daladala ya baiskeli imebeba mama, mtoto mgongoni, na ndoo ya dagaa. Pedeli zao hazidondoki. Zangu zimedondoka kwa sababu fundi wako alilazimisha milimita 14.3 kwenye tundu la milimita 14 kwa kutumia bomba la maji! Nilimwambia yote hayo, na sauti ilikuwa juu kidogo. Akanionyesha karatasi ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamuuliza, na pedeli ya duka iliyoharibu krenki yangu, nayo hairudishwi? Akasema fundi hayupo, amekwenda msibani Sengerema. Fundi nilimwona kwa macho yangu nyuma ya pazia akila wali.

Kwa hiyo huduma: sifuri. Kauli: chini ya sifuri. Mtu anayemwambia mteja mwenye damu kwenye goti kwamba ni mnene hafai kuuza hata pipi.

Baiskeli yenyewe, sasa. Hapa ndipo napata taabu.

Kuna mzee wa kukereza vyuma kule Nyakato. Nilimpelekea krenki, akaigeuza mara mbili mkononi, akauliza swali moja tu: "Kushoto?" Nikajibu ndiyo, shikamoo. Kwa asiyejua, pedeli ya kushoto thredi yake inazunguka kinyume, ili isijifungue ukiendesha. Akalipanua tundu, akaingiza bushi ya chuma, akakata ndani yake thredi ya 9/16 ya kushoto kwenye mashine. Na ya kulia, ambayo fundi wa bomba alikuwa hajaigusa, akaipitisha tepu safi. Hakusema neno juu ya tumbo langu. Alichonitoza hakifiki hata bei ya kuku.

Halafu nikaenda nayo Kigongo. Nilitoka kabla ya jua, nikapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, nikakata kulia pale Usagara. Lami ilikuwa tupu, upepo wa ziwa ukinipiga ubavuni, na fremu ile ikawa kimya kabisa chini yangu. Chuma cha Reynolds 531 kimekuwepo tangu 1935 na sifa zake nilizidhani maneno ya wazee wanaokumbuka ujana. Sivyo. Barabara ikiwa na mikwaruzo, baiskeli zangu nyingine zote hunipigia kelele mikononi. Hii inaimeza. Nikafika kwenye lile daraja jipya la Busisi lililofunguliwa 2025, kilomita tatu juu ya maji mahali ambapo zamani tulikuwa tunasubiri kivuko tukila mahindi, na sikuwa nimechoka. Mtu wa uzito wangu!

Basi niseme mtu anunue Mfaransa? Hapana. Ngoja. Kikombe cha kulia cha gololi, pale krenki zinapozungukia, kimeanza kulegea. Nilikitarajia. Waingereza walikata kikombe cha kulia kwa thredi ya kinyume, mwendo wenyewe ukawa unakikaza. Wafaransa wakakata vyote viwili upande mmoja, kwa hiyo cha kulia kila siku kinawaza kutoka. Nakikaza, nakwenda, nakikaza. Ukiwa na familia na kazi ya saa mbili asubuhi, chukua Mjapani, usinisikilize. Ukiwa unakaa Kisesa au Magu na fundi wako ana nyundo tu, chukua Mwingereza, atakuzika. Mfaransa mchukue kama unamjua yule mzee wa Nyakato, na uwe na moyo wa kutukanwa dukani.

Na duka, nimesema msiende, lakini mtaenda wapi? Mimi sijaona mwingine mjini anayeshusha vitu vile. Yule Mjapani aliuzwa wiki ileile, alichukuliwa na mwalimu mmoja wa Igoma ambaye hunipita barabarani akibofya gia makusudi, tik, tik. Nimemwomba aniuzie, amekataa. Mwingereza bado ananing'inia pale barazani na kila nikipita namwangalia kotapini.

Juzi kijana amenipigia. Anasema kontena lingine liko njiani kutoka Dar, na ameahidiwa humo jozi ya krenki za Kifaransa pamoja na pedeli zake, D na G, hazijaguswa. Sauti imelainika siku hizi, ananiita baba. Nikamuuliza kama fundi wake amesharudi msibani. Akasema amerudi, ila krenki nitafunga mwenyewe, spana atanipa bure. Ametaka kianzio cha elfu ishirini. Nimemtumia kwa simu, na risiti hajanipa.