Vikuba vya Darajani mwishoni mwa kipupwe

Kipupwe kinapokaribia kwisha, baina ya Agosti na Septemba, Unguja huingiwa na hamu ya maua ambayo wageni hawaitambui, kwa kuwa wao hudhani kisiwa chenye joto huchanua mwaka mzima. Mti wa asumini hauangamii kwa baridi yetu ndogo, lakini upepo wa kusi unapovuma na jua likapunguza makali, hutoa matumba machache tu, na mwanamke aliyezoea kutia kifuani kikuba, kishada kidogo cha asumini, mkadi na majani ya rehani yanayonukia, hulazimika kutoka bila ya harufu yake au kumtafuta muuzaji ambaye bado anazo. Tathmini hii inahusu meza moja ndogo ya maua iliyoko nje ya soko la Darajani, jirani na jengo la kale la mwaka 1904.

Jambo linaloipa meza hii sifa ni wakati wa kuchuma. Asumini hufunguka usiku, kwa hivyo matumba yanayochumwa alasiri na kufungwa kikuba kabla ya Magharibi ndiyo yanayonukia vyema baada ya Isha, ilhali wauzaji wengi huleta maua yaliyokwisha kufunguka tangu usiku uliopita, yakaanza kuwa ya kahawia kabla mnunuzi hajafika nyumbani. Bibi mwenye meza huleta matumba yaliyofumba kabisa, ameyafunika kwa jani la mgomba na kuyanyunyizia maji kidogo tu. Mkadi wake hukatwa vipande vyembamba ambavyo haviharibu umbo la kikuba, na rehani zake ni za siku ile ile. Katika siku za uhaba huzidisha rehani ili kikuba kijae, nami sikipendi kikuba cha namna hiyo, kwani rehani huitawala asumini, lakini husema wazi kabla ya kupokea fedha: “Mwanangu, asumini leo chache, nimetia rehani nyingi, ukiridhika chukua.”

Jamaa zetu walioko Uingereza hungojea narjisi na tulipu za Machi na Aprili kwa hamu kama hii, ingawa kwao mambo ni kinyume: vitunguu vya maua hayo lazima vikae ardhini majuma mengi ya baridi ndipo vichanue vizuri, na asumini yetu baridi huinyima maua.

Bei huenda na uhaba. Kikuba nilichokinunua kwa shilingi 1,000 wakati wa kaskazi kilifika shilingi 2,000 mwaka 2025, kwa sababu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uliangukia mwishoni mwa Agosti na Septemba, na shughuli zake zikayataka maua wakati ule ule ambao mashamba hayakuwa nayo. Siioni kuwa bei ya kupunja, maana kikuba chake hudumu hadi alfajiri.

Langilangi ndiyo kasoro kubwa ya meza hii. Ua hilo hukomaa likageuka manjano, na hapo ndipo harufu yake inapokuwa kali; Pemba, ambako maua yake huchemshwa kupata mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kila mchumaji anajua tofauti hiyo. Hapa huuzwa yakiwa bado kijani, pengine kwa hofu ya kuharibika njiani, na mnunuzi hupata majani marefu yasiyo na harufu ya maana.

Anayetaka koja la shingoni aagize siku moja kabla na alifuate mwenyewe jioni, kwani meza hufungwa mapema asumini zikiisha. Kwa kikuba cha kwenda maulidini naipendekeza bila ya kusita hata katika mwezi huu wa uhaba. Kwa kitanda cha bibi harusi ningengojea jua la Novemba, kwa sababu asumini za Septemba hazitoshi kutandaza hata mto mmoja.