Analogi au dijitali? Cha kununua kwanza kwa studio ya nyumbani

Kama bajeti ni ndogo, nunua kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya maiki. Hiyo ndiyo namba moja, na nasema hivyo huku mlio wa tepu nikiupenda sana. Mfano unaojulikana ni Focusrite Scarlett 2i2: maiki na gitaa vinaingia kwenye kompyuta kila kimoja kwa njia yake, ukikosea kuimba unarudia sauti tu, gitaa huligusi. Angalia kama ina volti 48 za kupeleka kwenye maiki, maana maiki ya kondensa bila umeme huo ni bubu. Ya dainamiki kama Shure SM58 haiuhitaji, na kwa chumba chenye kelele za barabarani ndiyo afadhali.

Rekodi kwa biti 24 (unachagua kwenye programu ya kurekodi) na usikaze sauti. Mwimbaji akipaza mwisho wa uwezo wake, mita ya sauti ikomee kwenye desibeli -10 hivi. Tepu ikizidiwa kidogo hulainika, wengine hata huipenda hivyo. Dijitali ikigonga sifuri inakata, na mkwaruzo wake ni vigumu mno kuuondoa.

Namba mbili ni kinasa sauti cha mkononi, mfano Zoom H4n Pro. Kwa anayerekodi kwaya, kaswida au taarabu ukumbini, hiki kinapanda juu kabisa. Kinatumia betri mbili ndogo za AA, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea, na nyumbani unakichomeka kwenye kompyuta kikafanya kazi ya kadi ya sauti. Ukiwasha zile volti 48, betri zinaisha mbio, beba za akiba.

Tatu, miksa ya analogi yenye USB. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Yamaha MG10XU ni miksa nzuri, ila USB yake inapeleka njia mbili tu: sauti, kinanda na gitaa vinafika kompyutani vikiwa vimeshachanganywa. Ingine nyingi za bei ya kawaida ziko hivyohivyo, kwa hiyo usihesabu matundu ya juu, uliza USB inatoa njia ngapi. Anayepiga pia harusini atafaidika nayo kuliko anayerekodi tu.

Mashine ya kaseti ya njia nne naiweka ya mwisho. Tascam iliitoa Portastudio 144, mashine ya aina hii, mwaka 1979, na mashine hizo leo ni mtumba tu. Inatumia pande zote za kaseti kwa mpigo mmoja, tena kwa kasi maradufu, hivyo kaseti ya dakika 60 inakupa 15. Mikanda ya mpira ya ndani hulegea, hedi (sehemu inayogusa tepu kurekodi na kusoma) huchakaa. Nenda na kaseti yako, rekodi njia zote nne moja moja, zisikilize kwa hedifoni. Moja ikififia au mwendo ukiyumba, muuzaji abaki na mashine yake.