Bomba la Kupimia Theluji ya Paa: Mzigo Linaujua, Nguvu ya Nyumba Haliijui

Kifaa ninachokitathmini ni bomba jepesi la alumini lenye kipenyo cha sentimita 8, meno upande wa chini na mizani ya kuning'iniza, lililokusudiwa wenye nyumba wanaotaka kujua kama paa litahimili theluji iliyolala juu yake. Ninalipendekeza, lakini kwa sharti ambalo kijitabu chake cha maelezo kimelipita juujuu.

Sifa yake kubwa ni kwamba linamwachisha mtu mazoea ya kukadiria hatari kwa kutazama kina. Theluji iliyoanguka punde huwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo, iliyotulia siku kadhaa hufika 200, na iliyolowa hukaribia 400. Kwa hiyo nusu mita ya theluji yaweza kuelemea kila mita ya mraba ya paa kwa kilo 50 au kwa kilo 200. Bomba huzamishwa wima hadi liguse paa, likatolewa na theluji yake, likapimwa. Kwa kuwa mdomo wake una eneo la takribani sentimita 50 za mraba, ukishatoa uzito wa bomba lenyewe, gramu zinazobaki zikigawanywa kwa 5 hutoa kilo kwa mita ya mraba: gramu 500 ni kilo 100. Ni hesabu safi, isiyohitaji programu yoyote.

Barafu ndiyo inayolishinda. Meno yake huteleza juu ya tabaka gumu linaloganda karibu na ukingo wa paa, ilhali sentimita 3 tu za barafu huongeza kilo 27 hivi kwa kila mita ya mraba.

Sasa sharti lenyewe. Kijitabu kinaelekeza kipimo kilinganishwe na kiwango cha theluji cha eneo husika, jambo linalonitia wasiwasi, kwa sababu kiwango hicho kwa kawaida ni cha theluji ya ardhini. Kanuni ya Ulaya, EN 1991-1-3, hukizidisha kwa 0.8 kwa paa la kawaida lenye mteremko usiozidi digrii 30, na hudai hesabu nyingine pale upepo unaporundika theluji, hasa paa la chini linapokutana na ukuta wa sehemu iliyo juu zaidi. Tena hicho ni kiwango cha kusanifia jengo; hakisemi lolote kuhusu kenchi iliyokatwa ili kupitisha bomba la moshi, boriti iliyooza au vigae vizito vilivyoongezwa baadaye. Uwezo wa paa hutafutwa katika michoro ya ujenzi, na isipokuwapo, kwa mhandisi wa majengo atakayekagua mbao zenyewe.

Kipimo kichukuliwe kutoka dirishani au kwenye ngazi iliyo imara, kamwe si kwa kutembea juu ya paa. Na milango ikianza kukwama au dari kupasuka, bomba liachwe na watu watoke nje.