Vitabu vya sarafu za prufu za zamani za Marekani: kipi cha kununua kwanza

Sarafu za prufu za Marekani, yaani zilizotengenezwa kwa uangalifu wa pekee kwa ajili ya wakusanyaji na zawadi badala ya matumizi ya kawaida, hazina hesabu za kuaminika za ngapi ziligongwa kabla ya 1858. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa bado hakijaanza kuziuza kwa wingi kwa umma, na nyingi zilitolewa zawadi au kubadilishwa na wakusanyaji. Kwa hiyo anayenunua hutegemea kitabu, na si kila kitabu kinastahili kutegemewa.

Ensiklopidia ya Walter Breen ya 1977 bado haina mshindani kwa upana: metali zote ndani ya juzuu moja, pamoja na habari za nani aliwahi kumiliki sarafu ipi. Itumie kwa nasaba hizo, lakini hukumu usimwachie. Breen alizihesabu kuwa prufu au za zawadi sarafu nyingi za kabla ya 1817 ambazo wataalamu wa leo hawazikubali. Sababu ni kwamba muhuri (chuma kinachogonga picha kwenye sarafu) ukiwa mpya na umesuguliwa vizuri hutoa mng'ao wa kioo hata kwenye sarafu za kawaida za mwanzo. Kagua ukingo uwe na pembe kali, meno ya pembeni yawe kamili, na mng'ao uingie hadi kati ya mistari ya ngao iliyochorwa kwenye sarafu. Mng'ao wa uwanda (eneo tupu lisilo na picha) peke yake hautoshi.

Kwa dhahabu, juzuu ya John Dannreuther ya 2018, yenye vitabu viwili, ndiyo ya kwanza kununua. Inaitambua mihuri yenyewe kwa alama zake, na namba zake za JD (herufi za jina lake), zinazotambulisha kila aina ya mihuri, sasa zinatumika kwenye katalogi za minada. Hapo ndipo thamani yake ilipo: unashika lenzi ya mara 10 na kulinganisha alama kwa alama, badala ya kuamini neno la muuzaji.

Nusu senti za 1840 hadi 1848 zinaonyesha vizuri kwa nini alama ni muhimu. Zote ni prufu, na kiwanda kilizigonga tena miaka ya baadaye kwa mihuri ileile ya mbele. Anayetazama uso na tarehe tu hatatambua kitu. Geuza nyuma: za asili zina matunda makubwa kwenye shada, zilizorudiwa zina madogo. Kati ya zilizorudiwa, kundi moja lina mikwaruzo ya mshazari juu ya herufi RICA za neno AMERICA. Kitabu cha Breen cha nusu senti, cha 1983, ni bora kwa kazi hii kuliko ensiklopidia yake.

Kwa dola yenye tarehe ya 1804, soma kitabu cha Newman na Bressett cha 1962. Walieleza kwamba za kwanza ziligongwa 1834 na kuendelea kwa ajili ya zawadi za kibalozi, si mwaka wa tarehe yake, na seti ya mfalme wa Siam (Thailand ya leo) ikajitokeza mwaka huohuo wa 1962 kuthibitisha. Dola nyingine kama hiyo alipelekewa Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar.