Dawa ya kutu chini ya Corolla ya 1998: miezi minane baadaye

Wadau, habari za jioni. Leo nawaonyesha gari kwa chini, kwa hiyo mnivumilie kwa mwanga wa tochi. Hii ni Corolla ya mwaka 1998, na dawa ya kutu mnayoiona hapa niliipaka kabla ya vuli. Masika nayo imepita. Wengi mmeniuliza kama inafanya kazi. Inafanya, ila kuna sehemu ukiitegemea unahatarisha maisha ya watu.

Septemba nilikuwa natoka Kigamboni, nashuka kwenye pantoni upande wa Magogoni. Nakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini. Mbele yangu kulikuwa na mama amebeba ndoo ya samaki kichwani. Nikapampu, nikavuta hendibreki, gari ikasimama hatua tatu kutoka kwake. Yule mama hakugeuka hata kidogo, na mpaka leo namkumbuka. Kilichotuokoa ni kwamba breki zimegawanywa njia mbili kuanzia kwenye masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Paipu ya njia moja ikipasuka, njia ya pili bado inashika, ingawa kwa nguvu ndogo.

Tulipoinyanyua gari gereji, kule mtaa wa Gerezani, Kariakoo, paipu ya kwenda nyuma ilikuwa imelika pale inapobanwa na kishikio cha plastiki. Matope yanaingia hapo, yanakaa na unyevu wa chumvi wiki nzima. Na huku chini kote palikuwa pamepulizwa lami nyeusi na aliyeniuzia. Nilipoinunua niliiona inavutia sana. Ndugu zangu, lami iliyopulizwa juu ya kutu ni shuka juu ya kidonda. Inakauka, inapata nyufa, maji yanaingia na hayatoki, kutu inaendelea kula kimyakimya.

Sasa hii chupa. Humu kuna asidi ya fosfori na tanini. Majimaji yake ni meupe kama maziwa, yakigusa kutu yanageuka meusi yenye ubluu, kwa sababu yanaibadili kutu kuwa kitu kigumu kisichoendelea kula chuma. Inahitaji kutu nyembamba iliyoshika. Kutu ya magamba, ile inayomomonyoka kama ukoko wa wali, dawa inaishia juu tu na chini yake ugonjwa uko palepale.

Nilifanya jaribio makusudi. Upande wa kulia nilisugua kwa brashi ya waya kwa muda wa karibu saa mbili, nikaosha chumvi kwa maji baridi, nikaacha pakauke, nikapaka mara mbili, kisha rangi juu yake. Upande wa kushoto nilisugua juujuu nikapaka siku hiyohiyo. Sogeza tochi hapa. Kulia pako vizuri, peusi, pamekauka, nakwangua kwa ukucha hapatoki kitu. Kushoto tazameni hivi vidoa vya kahawia. Nikibonyeza, rangi inanyanyuka na maji yanatoka. Dawa ni ileile, chupa ileile! Na ile rangi ya juu msiiache, maana dawa peke yake haizuii maji.

Kitu kingine, ukipaka angalia vitundu vya kutolea maji kwenye maboksi ya chini ya milango. Viwili vyangu vilikuwa vimezibwa na lami. Nilivyovizibua kwa waya, maji yalimwagika kama bomba limefunguliwa. Ndani ya yale maboksi brashi haifiki, kwa hiyo nilipuliza nta ya majimaji kwa mpira mwembamba.

Kwenye sakafu na maboksi naipa nane kwa kumi. Kwenye krosimemba, yaani lile chuma lililokingama chini ya gari, pale zinapofungwa wishboni, mikono inayoshika magurudumu, naipa tano, na hiyo ni kama chuma bado kizima. Kama bisibisi inazama, hiyo ni kazi ya kukata na kuchomelea chuma kipya, au kubadilisha krosimemba nzima.

Kwenye paipu za breki naipa sifuri. Fundi aliniambia, "Kaka, tunakata kipande hiki tunaunga, kesho unatembea." Nilikataa. Ukikanyaga kwa nguvu zote, mafuta ya breki yanasukumwa kwa mgandamizo unaozidi wa kwenye tairi zaidi ya mara thelathini. Nikabadilisha paipu yote kwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haishiki kutu, na ncha zake zikakunjwa mara mbili kwa mashine yake. Shaba tupu sikutaka, inachoka kwa mtikisiko na kupasuka. Halafu tukatoa hewa kwenye paipu za breki za magurudumu yote manne.

Mnaoagiza gari kutoka Japani, ombeni picha za chini kabla ya kulipa. Mikoa ya theluji kama Hokkaido barabara zake hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na gari ikifika hapa inakutana na upepo wa bahari na maji ya mafuriko ya pale Jangwani, Dar.

Na wewe mwenye gari ya zamani, kesho asubuhi kabla hujawasha lala chini na tochi. Fuata paipu ya breki kuanzia mbele mpaka gurudumu la nyuma, kila penye kishikio futa matope kwa kitambaa. Ukiona chuma kimevimba au pana unyevu wa mafuta, gari isitoke hapo. Mlete fundi nyumbani.