iNaturalist na jamii ya mnanaa: programu inakisia, kikombe cha ua kinaamua

Kando ya barabara ya Morogoro, masika yakishapita, huota mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyokusanyika mafundo ya mviringo kuzunguka shina, fundo juu ya fundo. Upige picha, uiweke kwenye iNaturalist, programu ya kurekodi na kutambua viumbe, na baada ya sekunde chache utaletewa jina Leonotis nepetifolia. Mara nyingi ndilo. Miguuni pake pana kimmea kifupi chenye maua meupe madogo kama punje za mchele. Hicho nacho utaletewa majina yake, ila hapo jina la kwanza kwenye orodha lisiaminiwe mpaka mtu awe ametazama kikombe cha ua, yaani sehemu ya kijani inayoshika petali kwa chini. Tathmini yetu iko katikati ya mimea hiyo miwili. Kwa jamii ya mnanaa, yaani Lamiaceae, programu hii ni daftari bora na baraza zuri la wajuzi, lakini utambuzi wake unategemea picha ulizopiga kuliko wanavyodhani wengi wanaoipakua.

Ni ya bure na haina matangazo. Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2023 inaendeshwa na shirika lake lenyewe lisilo la faida. Mapendekezo ya majina yanayotolewa na kompyuta yaliongezwa mwaka 2017. Kwa majina ya mimea inafuata orodha ya kitaalamu ya bustani ya Kew, Uingereza. Kwa jamii hii jambo hilo lina uzito, maana majina yake yamehamahama mno.

Kabla ya kufungua simu, hakikisha unachokitazama ni mnanaa kweli. Shina la pembe nne, majani mawili mawili yanayotazamana, kila jozi ikikaa msalaba na jozi iliyo chini yake, ua la midomo miwili: wengi huishia hapo, na ndiyo sababu Lantana camara huwekwa kila mara kwenye kundi la minanaa. Lantana ina shina la pembe, ina majani yanayotazamana, na ukiyafikicha yananuka, lakini ni ya jamii ya Verbenaceae. Mimea mingi ya Acanthaceae nayo ina majani ya kutazamana na maua ya midomo. Jibu liko chini ya ua. Vuta petali taratibu zitoke zote pamoja, kisha tazama ndani ya kikombe cha kijani kinachobaki. Mnanaa wa kawaida una ovari iliyogawanyika vifundo vinne, na kijiti kinachobeba stigma kinachomoza katikati ya vifundo hivyo, kutoka chini. Ua likishazeeka, vifundo vinakuwa mbegu nne kavu zilizolala ndani ya kikombe. Lantana huzaa tunda dogo lenye nyama, na Acanthaceae huzaa kibweta kinachopasuka na kurusha mbegu.

Kuna wanaovunja kanuni hiyo, na ni vizuri kuwajua mapema. Hoslundia opposita, kichaka cha kawaida cha pwani na bara, mara nyingi hupanga majani matatu matatu, na kikombe chake huvimba kikawa chekundu-chungwa, laini, cha kuliwa. Mfuu (wengine husema mfudu) na mitiki ya Kilombero ni miti kabisa, nayo siku hizi iko Lamiaceae baada ya kutolewa Verbenaceae. Ovari zao hazijagawanyika kama za mrihani. Anayetumia vitabu vya Flora of Tropical East Africa asishangae kuukosa mfuu kwenye juzuu ya Lamiaceae ya mwaka 2009. Uko kwenye juzuu ya Verbenaceae ya 1992. Kwenye iNaturalist mfuu umeshahamishwa, na hiyo ni faida mojawapo ya programu juu ya kitabu.

Kifaa cha pili kisichoepukika ni lenzi ya mkono ya mara 10, kioo chenye kipenyo cha milimita 18 hadi 21. Ya mara 20 haifai shambani: unachokiona ndani yake ni kidogo mno, na ua lazima lisogee karibu hadi kivuli chako kinalifunika. Kosa la kawaida ni kuishika lenzi mbali na jicho kama anayesoma gazeti. Ibandike karibu na jicho, kisha lete ua hadi lionekane wazi, kama sentimita 2.5 kutoka kwenye kioo. Ukitaka picha ya kitu kidogo, fanya vivyo hivyo na simu: kioo kiguse kamera, halafu mmea ndio usogee.

Sasa picha. Moja ya maua kutoka juu, ambayo ndiyo wengi hupiga, haitoshi. Anza na mmea mzima na mahali ulipoota. Piga kifundo cha shina pamoja na jozi ya majani, jani upande wa juu na wa chini pakiwa na rula pembeni, shada la maua kwa ubavu, na ua moja kwa ubavu na kwa mbele. Picha ya mwisho, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, ni kikombe kilichozeeka, kimoja kwa ubavu na kingine mdomo ukitazama kamera. Zote ziwe ndani ya rekodi moja. Anayeweka kila picha kama rekodi yake huwapa watambuzi, yaani watumiaji wengine wanaotaja au kuthibitisha majina, vipande vya mmea mmoja vilivyotawanyika, na hakuna atakayejua kwamba ni mmea uleule.

Jambo moja la kiufundi halisemwi vya kutosha: iNaturalist hupunguza kila picha hadi pikseli 2048 kwa upande mrefu. Kikombe cha milimita 4 kwenye kona ya picha kubwa kikipunguzwa hivyo, hubaki doa la kijani. Kata picha kwenye simu kwanza, kikombe kijaze fremu, ndipo uipakie.

Kwa nini kikombe? Kwa sababu petali huanguka na hunyauka, na rangi yake hubadilika, lakini kikombe hukaa hadi mbegu zitoke, na umbo lake hutenganisha jenasi na jenasi. Kimmea cheupe cha pale mwanzo kinaweza kuwa Leucas martinicensis: hesabu meno ya kikombe, utapata 10, mdomo wake umekatwa mshazari na jino la juu ni refu kuliko mengine. Leonotis nepetifolia ina meno 8 yanayochoma, la juu likiwa kubwa kuliko yote. Upande wa Ocimum, ambako wako mrihani na kivumbasi, jino la juu ni pana, la mviringo, na kingo zake hushuka pembeni kama mabawa. Ukiona hilo, umeikaribia sana jenasi hata kama hakuna ua lililobaki.

Ndani ya Ocimum penyewe programu huyumba, hasa ikipewa picha ya majani tu. Ocimum gratissimum ni kichaka kinachoweza kumpita mtu kimo, na kikombe chake kikizeeka mdomo hufungwa na meno ya chini yaliyojikunja juu. Ocimum americanum ni mmea mfupi, na kooni mwa kikombe kuna duara la vinywele. Kipimo cha bei nafuu zaidi ni mbegu: ziweke kwenye tone la maji kwa dakika kadhaa. Za americanum hujivika ute mzito kama za mrihani wa kwenye sharubati, ilhali za gratissimum hutoa kidogo au hazitoi. Piga picha ya tone hilo. Mtambuzi aliye Nairobi au London ataona mara moja.

Coleus na Plectranthus ndizo zinazosumbua watu wengi kuliko zote. Mwaka 2019 wataalamu waligawa upya kundi hilo, na spishi nyingi za Afrika zilizokuwa Plectranthus sasa ni Coleus, zikiwemo zile za ua wa uzio ambazo Wakikuyu huziita maigoya, Coleus barbatus. Ukiandika jina la zamani programu itakupeleka kwenye jipya bila kelele. Ukitaka kujua mwenyewe, tazama mahali kikonyo kinapoungana na kikombe. Kwenye Coleus kikonyo kimeingia upande, si katikati ya kitako, na kwenye Plectranthus kimekaa katikati. Kuna na jenasi ya tatu iliyoundwa mwaka huohuo, Equilabium, ambayo midomo miwili ya ua inalingana kwa urefu. Hakuna kamera inayoyanasa haya mtu akisimama mita moja.

Harufu haipigwi picha, kwa hiyo iandike kwenye maelezo: karafuu, kafuri, limau, au hakuna. Kafuri kali kwenye kichaka cha Ocimum hutufanya tufikirie Ocimum kilimandscharicum. Andika pia kama vidole vimebaki na rangi, kwa kuwa Fuerstia africana ina tezi nyekundu-chungwa ambazo ukizifikicha hukutia doa. Andika kimo na aina ya udongo. Kwa walioko Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, udongo ni nusu ya utambuzi: Haumaniastrum katangense ni ua la shaba, linajulikana kwa kuota kwenye ardhi yenye madini hayo, na rekodi isiyotaja udongo inapoteza ushahidi wake mkubwa.

Tukirudi kwenye mapendekezo ya kompyuta: yamejifunza kutokana na picha zilizokwisha kupakiwa, kwa hiyo spishi yenye picha chache haimo kabisa kwenye kumbukumbu yake. Mnanaa adimu wa Usambara hauwezi kupendekezwa na mfumo usioujua. Utaletewa ndugu yake aliyepigwa picha sana, pengine wa bara jingine. Ndiyo maana tunashauri usome kwanza kauli yake kuhusu jenasi, na ikikiri kwamba haina uhakika, uiamini. Hakikisha pia mahali pamejazwa kabla ya kuomba mapendekezo, kwa sababu programu huzingatia mimea inayotarajiwa eneo hilo. Kuandika “Lamiaceae” au “Coleus” na kuishia hapo ni utambuzi halali. Jina la spishi lililobahatishwa ndilo linaloharibu, maana mgeni wa pili hulikubali kwa kuliona tu, na rekodi inapanda daraja la utafiti ikiwa na kosa ndani yake.

Daraja hilo hupatikana rekodi ikiwa na picha, tarehe na mahali, mmea uwe wa mwituni, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane spishi. Wawili wakikubaliana inatosha. Akija mmoja kupinga, wawili dhidi ya mmoja ni theluthi mbili kamili, si zaidi, na rekodi inarudi kusubiri hadi wafike watatu dhidi ya mmoja. Kwa hiyo ukikosolewa, uliza alama gani imemfanya aseme hivyo, kisha badili jina lako au lifute. Rekodi nyingi nzuri hukwama kwa sababu aliyeziweka hakurudi kujibu.

Mmea wa kupandwa uwekewe alama yake. Mnanaa wa kwenye ndoo nyuma ya jikoni, mrihani wa uani na ua wa maigoya si mimea ya mwituni, na bila alama hiyo ramani itaonyesha visivyo. Mtu akitaka rekodi zake zifike kwenye GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe, leseni ya rekodi isiwe “haki zote zimehifadhiwa”. Ile inayokuja na akaunti mpya inakubalika. Anayerekodi karibu na nyumbani achague kuficha mahali, na ramani itaonyesha alama iliyosogezwa ndani ya eneo la kilomita 20 na ushei.

Malalamiko yetu makubwa ni majina ya Kiswahili. Mtumiaji yeyote anaweza kuongeza jina la kienyeji, jambo jema, ila kivumbasi cha mahali pamoja si kivumbasi cha pengine, na anayetafuta kwa jina hilo anaweza kuangukia spishi isiyo yake. Tafuta kwa jina la kisayansi, kisha la Kiswahili liongeze ukitaja na mahali linapotumika. Na kwa kuwa mimea mingi hapa ni dawa za watu, hakuna jina la programu linalotosha kumnywesha mtu majani.

Seek, ndugu yake mdogo, inafaa kwa watoto na matembezi, lakini hakuna binadamu anayekagua. Pl@ntNet hukutaka useme kama picha ni ya jani, ua au tunda, na hilo hufundisha nidhamu nzuri. Kwa minanaa ya kwetu bado tunaiweka iNaturalist mbele kwa sababu ya watu waliomo. Tunaipa nyota tano kwa kutunza rekodi na nne kwa jumuiya, na kwa mapendekezo ya minanaa midogo tunaipa mbili.

Rekodi ikikaa miezi bila jibu, rudi kwenye mmea wakati mwingine wa mwaka. Tetradenia riparia, umuravumba wa Rwanda, huchanua kiangazi, mara nyingi majani yakiwa yamekwisha pukutika, tena maua ya kiume na ya kike yako kwenye vichaka tofauti, hivyo picha za vichaka viwili huhitajika. Na pale unaporuhusiwa kuchuma, lakini si ndani ya hifadhi, kausha tawi lenye vikombe vilivyozeeka kati ya magazeti, ukibadilisha karatasi kila siku hadi liwe kavu. Andika namba ya rekodi kwenye lebo, kisha ulipeleke kwenye herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Nairobi iko ile ya Afrika Mashariki, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya.